Jina la Kumi na Nne

Jumanne, tarehe 4 Machi

Andika kwamba nimekasirika. Usiweke "leo", maana jana pia nilikasirika, juzi pia, ila juzi ilikuwa habari ya bomba la jikoni. Fundi kalitengeneza mara tatu na bado linalia kama mtoto anayeota meno. Leo ni habari ya chama.

Ngoja kwanza niseme daftari hili ni la nini, naanza tu kama mwehu. Mwanangu kalinunua. Niliisahau sufuria jikoni ikaungua — mara moja! Haya, mara mbili. Akasema, mama, kila siku uwe unasema umefanya nini, iandikwe, akili isilale. Anajua mwenyewe mimi kuandika sijui. Kusoma sijui. Herufi nazijua tatu, nilijifunza kwenye mlango wa choo cha ukumbi, nisije nikaingia cha wanaume.

Basi anayeandika ni Pazia. Pazia ni mwenzangu wa tangu ujana, anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu. Zamani tukiwa kazini alikaa nyuma ya pazia na kitabu cha mchezo, mwigizaji akisahau maneno yeye anamnong'oneza. Ndiyo asili ya jina. Jina lake la kweli hata mwenye nyumba wake halijui. Na mimi, kwa sababu hiyo ya kusoma, maneno yangu yote alinisomea yeye, miaka thelathini na moja, mpaka yananiingia. Malkia nimecheza wanane, wote wakali, na wote wamepitia mdomoni kwake kwanza. Hakuna aliyejua. Watu walidhani tunapenda tu kunywa chai pamoja.

Nimemwambia, daftari hili ni siri yangu, halisomwi na mtu. Kaniuliza, na mimi je? Nikamwambia we si mtu, we ni kalamu. Kacheka mpaka kakohoa.

Haya, chama. Katibu kaja mchana na makaratasi. Huyu Katibu wa sasa ni binti tu, hajafika arobaini, kazi yake ni ile sauti ya kwenye matangazo ya sabuni. Sauti nzuri. Kichwani sijui. Anasema Chama cha Waigizaji kinatimiza miaka hamsini tarehe ishirini na mbili, wanatoa kitabu cha historia, na katika waanzilishi nimebaki mimi peke yangu. Kwa hiyo nikae mbele, nivishwe shada, nipigwe picha. Nikasema sawa, soma hicho kitabu. Akasema hapana Bibi, nakuachia, usome mwenyewe kwa nafasi yako. Nikamwambia macho yangu siku hizi... Uzee wote huu na bado nasingizia macho!

Alipotoka, Pazia kanisomea. Waanzilishi kumi na watatu, wamepangwa mmoja chini ya mwingine. Kasoma wote bila kupumua, kafika mwisho, kageuza ukurasa kama hakuna kitu. Nikamwambia rudi, utakuwa umejiruka. Kasema hajajiruka. Hayumo.

Hayumo! Aliyetoa neno la kwanza la chama, hayumo!

Kasema, Malkia, acha, chai inapoa. Siachi. Chai na ipoe.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimempigia simu Katibu. Mara nne. Mara ya kwanza kaniambia yuko studio. Mara ya pili yuko studio. Mara ya tatu ni mashine inaongea, kwa sauti ile ile ya sabuni, nikagombana nayo kitambo kabla ya kujua. Mara ya nne kapokea.

Kasema, Bibi, kitabu kinasema mgomo wa kwanza uliongozwa na Mwenyekiti. Nikacheka. Mwenyekiti! Sisi tulimwita Bwana Kanuni, maana kila mchezo alipewa jaji, ujaji ukamkaa mwilini, hata chumvi alikuwa anaomba kwa utaratibu. Mtu mzuri. Amekufa, apumzike. Lakini kuongoza? Siku ile alikuwa amesimama kushoto kwa jukwaa na ndevu za bandia, gundi imeyeyuka, anazishika kwa mkono zisianguke.

Nitasema ilivyokuwa, na Pazia aandike, asinikatize.

Ukumbi ule tulikuwa tunavulia nguo stoo, wanawake kwa wanaume, katikati tumetundika shuka. Ukiumwa unacheza. Ukikataa kucheza, kesho yake jina lako limefutwa ubaoni na kuna mtu mwingine ndani ya gauni lako, bado lina joto. Mmoja wetu alianguka kwenye ngazi za jukwaa, mguu ukavunjika vipande viwili. Tukamtoa, tukarudi, tukaendelea na tukio la harusi. Mwenye ukumbi hakwenda kumwona hata siku moja. Alituma mtu akachukue viatu, maana ni vya ukumbi.

Hapo ndipo tukakubaliana. Jumamosi, ukumbi ukiwa umejaa, katikati ya tukio la pili, mimi nikishasema "mlango huu haufungwi", sote tunakaa chini. Hatusemi, hatutoki. Tunakaa mpaka mwenye ukumbi aje azungumze na sisi.

Nikasema "mlango huu haufungwi". Na nikaendelea! Mdomo umezoea, utafanyaje? Neno linavuta neno. Nikaingia kwenye ile hotuba ndefu ya kumlaani mkwe, na wenzangu wananitumbulia macho, wamekunja magoti nusu, hawajui wakae au wasimame. Ndipo nikasikia nyuma ya pazia, si kwa kunong'ona, kwa sauti nzima kabisa: "Kaa chini!"

Nikakaa. Wote wakakaa.

Na watazamaji wakapiga makofi! Walidhani ndiyo mchezo. Mwenye ukumbi katokea pembeni anatutisha kwa ngumi, watu wakazidi kucheka, wakadhani ni mchekeshaji mpya. Mmoja akapiga kelele, huyu mnene arudi tena! Tulikaa pale saa nzima. Watu hawakuondoka. Nilisikia kwamba walisema nje hawajawahi kuona tukio zuri kama lile, hakuna anayesema neno na unaelewa yote.

Sasa, nani alisema kaa chini? Bwana Kanuni na ndevu zake?

Nimemwambia Katibu hayo yote. Kasema, Bibi, ni hadithi nzuri sana. Hadithi! Nikakata simu. Au nimebonyeza kitu, simu ikakatika.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Katibu kaja mwenyewe, na keki. Keki kavu, imebaki yote. Kasema kwa heshima, Bibi, mimi nakuamini, lakini kamati inataka ushahidi. Likitiwa jina moja kwa maneno ya mdomo, kesho kila mtu ataleta shangazi yake.

Nikamwambia ushahidi upo. Bwana Kanuni alikuwa anaandika vikao vyote kwenye buku kubwa jeusi, nani kasema nini, nani kapiga chafya. Watafuteni watoto wake. Na mkilipata msikatekate, chapeni kama lilivyo, hata neno moja msiruke. Historia si kitambaa, kila mtu anachana kipande cha kufutia mikono. Katibu kafurahi, kaandika maneno hayo, kasema atayaweka kwenye ukurasa wa kwanza na picha yangu.

Alipoondoka Pazia kasema, Malkia, unajisumbua. Wenyewe walishaamua zamani kwamba mimi si mwigizaji.

Ni kweli waliamua. Wiki tatu baada ya mgomo tulikaa kikao cha kuandikishana, ndani ya stoo ile ile. Bwana Kanuni kasema mwanachama ni mtu anayeonekana na watazamaji, na Pazia haonekani, kwa hiyo suala lake lipigiwe kura. Wakamtoa nje akae kwenye ujia mwembamba ule wa mlangoni, juu ya sanduku la mavazi. Pazia leo kanikumbusha. Kasema alikaa pale akihesabu vifungo vya koti la mfalme. Kasema, "Wewe ulikuwa wa kwanza kutoka. Ukanishika mikono ukaniambia umenipigania mpaka koo limekauka, lakini wamenikataa."

Ndiyo. Nilisema hivyo.

Bomba limeanza tena. Fundi nimemwita, kasema anakuja, ile "nakuja" yao.

Nimesahau kusema: Pazia anasema hataki, hataki, waache mambo yao. Lakini jioni nimepita kwake kuomba kiberiti nikamkuta ananyoosha gauni la kijani. Nikamwuliza unakwenda wapi na gauni? Kasema hakuna, lilikuwa na mikunjo tu. Kakunja uso kama mwizi! Sasa ananiambia hayo nisiyaseme. Yaandike.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Fupi leo. Kesho Pazia anakwenda kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kushoto, lile la kulia lilishapofuka zamani. Atafungwa kitambaa wiki nzima. Anaandika hapa na pua imegusa karatasi, nimemwambia aache, kakataa.

Katibu kapiga simu. Wamelipata! Buku jeusi, lilikuwa kwa binti yake Bwana Kanuni, chini ya mashine mbovu ya kufulia. Ukurasa upo. Analeta Ijumaa.

Pazia kauliza, kwa mara ya kwanza tangu haya yaanze, watamwandika kwa jina gani. La kweli, au Pazia. Nikamwambia yote mawili. Kasema basi la kweli litangulie, mama yake alilichagua kwa shida.

Nimejibu nini? Nimesema sawa. Andika sawa.

Kichwa kinaniuma. Tuache hapo.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Anaandika mkwe wangu, mke wa mwanangu, fundi cherehani. Kaapa kwa watoto wake hatamwambia mtu. Anaandika polepole kama anatia uzi kwenye sindano.

Katibu kaja na buku. Kalifungua mezani, kaniambia, Bibi, soma ukurasa huu. Nikasema macho. Basi kasoma yeye, kwa ile sauti. Mambo haya yote nimeyasikia kwa sauti ya sabuni!

Limeandikwa hivi, nimelishika lote, mimi nikisikia kitu mara moja hakitoki: "Suala la mnong'onezaji. Ilielezwa kwamba ndiye aliyetoa neno la kukaa chini siku ya mgomo. Mwenyekiti aliuliza kama yupo mwigizaji yeyote ambaye hawezi kucheza bila yeye, asimame aseme. Hakusimama mtu. Kura zikapigwa kwa kuinua mikono. Wanaotaka awe mwanachama, sita. Wanaokataa, saba." Halafu majina. Sita huku. Saba huku.

Wa saba ni mimi.

Katibu alipolisoma jina langu sauti ilimpotea kidogo. Kaniangalia. Mimi nikaangalia bomba.

Mkwe kaacha kuandika. Andika, mwanangu, usiniangalie hivyo.

Ilikuwa hivi. Bwana Kanuni alipouliza nani hawezi kucheza bila yeye, ni mimi. Mimi peke yangu katika wote. Wengine walikuwa wanasoma nyumbani, wanakuja wamekariri. Na kabla ya hapo, dakika kumi tu kabla, walikuwa wamepitisha kwamba kila mwanachama ausome mkataba wake mwenyewe kabla ya kutia saini, tusidanganywe tena. Mmoja akatania, mwigizaji asiyejua kusoma akacheze mti, asimame tu na majani. Wakacheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote. Sasa nisimame niseme ni mimi? Na Pazia akiingia chamani, akapewa kazi kwenye kumbi nyingine kama walivyokuwa wanasema, nani atanisomea?

Mikono sita ya kukataa ilishapanda. Watu walikuwa wananitazama. Nikainua.

Kisha nikatoka nikamwambia nimempigania mpaka koo limekauka. Na kalia, Pazia, kanishukuru. Siku ile ile jioni kanisomea maneno ya malkia wa tatu mpaka mafuta ya taa yakaisha.

Miaka hamsini. Nilikuwa nimeshasahau. Si kweli. Andika kwamba si kweli.

Katibu kasema jambo moja zuri na moja baya. Zuri: ushahidi umetimia, buku limesema lenyewe kwamba Pazia ndiye aliyetoa neno, jina la kumi na nne litaingia. Baya: ukurasa utachapwa picha yake, mzima, mkabala na majina. Nikamwambia si lazima. Kasema, kwa adabu kabisa, Bibi, wewe ndiye uliyesema tusikatekate. Tena hayo maneno yako yako ukurasa wa kwanza.

Mdomo wangu huu! Ungeshonwa zamani. Mkwe anasema uzi anao.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Mkwe tena. Jana sikusema kitu, sikutaka hata chai.

Leo nimempigia Katibu. Nikamwuliza, mkiweka jina bila ukurasa? Kasema kamati haitakubali, jina limeingia kwa sababu ya ukurasa. Nikasema mkiweka ukurasa bila ile sehemu ya majina ya wapiga kura? Kasema itaonekana kuna kitu kimefichwa, waandishi watauliza. Nikamwambia waandishi gani, nyie mna waandishi?

Basi nikasema: acha tu. Waache kumi na watatu. Mwenyewe Pazia hataki, mimi nilikuwa namlazimisha.

Nimesema hivyo. Kwa mdomo huu. Katibu kaniuliza, Bibi, una hakika? Kasema mchapaji anangoja mpaka Jumatano saa sita, nifikirie.

Nilipokata simu mkwe alikuwa anapiga pasi, kaiweka chini. Kasema, mama, hiyo ni mara ya pili unainua mkono.

Nimemfukuza jikoni. Halafu nimemwita arudi, nani ataandika?

Jumatano, tarehe 19 Machi

Nimekwenda kumwona Pazia. Kafungwa kitambaa, kakaa kitandani kama mtu anayesubiri zamu kwenye mchezo wa kujificha. Nimemlisha embe. Kalalamika vipande vikubwa. Nikamwambia nimekukatia vidogo utalalamika ni uji.

Nilikwenda kumwambia. Nataka hilo liandikwe. Njia nzima nilikuwa nayo sentensi tayari, nimeipanga vizuri, na pa kupumulia.

Kabla sijakaa vizuri kauliza: wameshaniandika? Nikasema bado. Kasema, basi wakiniandika, usinipe kitabu, nisomee wewe. Kisha kakumbuka mimi ni nani, kacheka peke yake, na machozi yakapita chini ya kitambaa. Daktari kamkataza kulia. Kasema, hapana, silii, ni dawa.

Kasema pia kwamba miaka yote alikuwa anajiambia haikuwa kitu. Mtu anayekaa gizani kazi yake ni gizani. Lakini kuna kitu kimoja kilimbeba, kwamba mle ndani ya stoo angalau mtu mmoja alisimama.

Sentensi yangu nikaiacha. Nikamlisha embe lingine.

Saa tano na nusu nimempigia Katibu kutoka hapo mlangoni kwake. Nikamwambia weka. Kasema jina? Nikasema jina, na ukurasa, na mkono wangu, weka vyote. Na la kweli litangulie.

Sasa linachapwa. Hakuna wa kulizuia.

Mkwe anasema nimwambie mwenyewe kabla kitabu hakijamwambia. Namwambia najua. Anasema kujua si kusema. Huyu mtoto alilelewa wapi? Mwanangu kaniletea jaji mwingine nyumbani!

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Sijamwambia.

Fundi wa bomba kaja. Kalitengeneza. Limenyamaza kabisa, sasa nyumba ni kimya mpaka inakera.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Wamemfungua kitambaa asubuhi. Nilikuwepo. Mara ya kwanza kufungua jicho kaangalia mkono wake mwenyewe, juu, chini, kasema kumbe nimezeeka namna hii na hamkuniambia. Daktari kacheka, nesi kacheka, mimi nikacheka. Chumba kimejaa watu namna ile, utasemaje? Kesho. Kesho kabla ya gari la chama, nyumbani kwangu, sisi wawili. Mkwe kaahidi kujifungia na cherehani yake.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Leo kalamu iko kwa mwenyewe. Pazia kaja saa mbili, kavaa lile gauni la kijani, miwani nyeusi kaivua kaiweka mezani. Anaona mpaka vumbi la juu ya kabati. Kaniambia nina mikunjo mingi kuliko alivyokuwa anadhani. Nikamwambia na wewe hujapita kwenye kioo. Gari la chama linakuja saa nne. Nimemwambia tuandike kidogo kwanza, maana nina neno, nimeamka nalo.

Kachukua daftari. Kalifungua. Haandiki.

Namwuliza vipi. Anasema, natafuta tulipoishia.

Anageuza ukurasa. Anageuza mwingine. Mtu huyu kila kitu anakisoma kwa sauti, hata karatasi ya dawa, hata risiti, maisha yake yote sijamwona akisoma kimya mbele yangu. Midomo haitikisiki.

Jamani.

Kwangu mimi ukurasa ukishageuzwa umekwisha, kama mchezo wa jana, watu wamekwenda nyumbani. Haikunijia hata kidogo kwamba yale maneno yamekaa pale pale yanangoja mwenye macho. Daftari moja! Wiki nzima nimeyamwaga ndani ya daftari moja! Na mkwe naye kaandika tu, kichwa chini, asiniambie, mama, tafuta karatasi nyingine. Au alijua? Alijua yule. Ngoja nimwite — hapana, usiandike hayo. Unaandika? Pazia, nimesema usiandike.

Anaandika. Hata niliyosema akigeuza kurasa kayaandika, na hajainua kichwa.

Haya. Basi andika na hili, nililiandaa kabla hujafungua kitu, sitaki useme nimesema kwa sababu nimekamatwa. Nimekamatwa, ndiyo, lakini nililiandaa. Pazia. Mle ndani ya stoo sikukupigania. Hakuna aliyesimama. Kura zilikuwa sita za kukutaka, na waliokataa walikuwa sita, na mmoja alikuwa bado. Huyo mmoja ni mimi. Niliogopa watajua sisomi. Niliogopa watakuchukua. Na huko nje nilikudanganya, ukanishukuru, nikapokea shukrani. Nimezila miaka hamsini.

Gari limefika. Dereva anapiga honi. Mkwe kachungulia, katuona, karudisha mlango taratibu.

Namwuliza, umesikia? Anasema rudia.

Mimi ndiye niliyeinua mkono.

Anasema sauti haijafika, rudia.

Mimi ndiye niliyeinua mkono, Pazia, mimi!

Anasema kwa utulivu, kalamu haikimbii kama mdomo. Rudi nyuma. Anza pale pa "sikukupigania". Namwambia gari linangoja, huko ukumbini watu wamejaa, Katibu kasimama mlangoni na mashada. Anasema na lingoje. Kawasha taa ya mezani, kaisogeza, kanyoosha ukurasa kwa kiganja.

Honi tena.

Mle ndani ya stoo sikukupigania. Nilikaa kiti cha tatu kutoka dirishani, mikono nimeikalia, na Bwana Kanuni alipouliza nani anakataa